Wino Mmoja: Sokwe wa Sinema katika Kurasa za Katuni

Utangulizi

Katika mijadala yetu ya fasihi, hadithi za katuni huingia kwa mlango wa nyuma, zikiingia kabisa. Riwaya ina kiti chake, tamthiliya ina kiti chake, ushairi ndio usiseme. Sinema nayo siku hizi imetandikiwa mkeka. Lakini katuni, tena katuni iliyotokana na sinema? Hiyo huambiwa ni makombo ya makombo: sinema imekula riwaya, katuni ikalamba sahani. Dai hili nimelisikia semina baada ya semina, kwa wanafunzi wenzangu na hata kwa walimu ninaowaheshimu. Makala haya yanalipinga.

Nitalipinga kwa mfano mmoja tu, kwa sababu mifano mingi huficha uvivu wa hoja. Mfano wenyewe ni mfululizo wa sinema tano za Planet of the Apes, zilizotengenezwa Marekani kati ya 1968 na 1973, pamoja na katuni zilizotokana nazo. Hoja yangu ni kwamba katuni hizi si kivuli cha sinema. Ni usomaji mwingine wa miswada ileile, uliofanyika juu ya meza nyingine na kwa nyenzo nyingine. Na mara mojamoja umehifadhi kitu ambacho sinema ilikiacha njiani.

Kwanza, jina

Tuelewane kwanza juu ya jina. Hadithi hii ilianzia kwa Pierre Boulle, mwandishi Mfaransa aliyetoa riwaya ya La Planète des singes mwaka 1963. Neno singe la Kifaransa hubeba tumbili, nyani na sokwe wote katika gunia moja. Xan Fielding alipoitafsiri kwa Kiingereza, wasomaji wa Marekani walipewa kitabu kiitwacho Planet of the Apes na wale wa Uingereza wakapewa Monkey Planet. Mtafsiri mmoja, kazi moja, majina mawili.

Na sisi je? Ukisema harakaharaka utasema "sayari ya nyani". Lakini nyani ana mkia bwana, na wahusika hawa hawana. Ni sokwe, gorila na orangutangu. Aliyewahi kuona hata picha ya sokwe wa Gombe au Mahale hahitaji maelezo zaidi. Kwa hiyo humu nitasema sokwe kwa jumla, nikimaanisha jamii nzima ya wale wasio na mkia.

Nimeanza na jina makusudi. Kabla hata ya picha moja kuchorwa, kila aliyeishika hadithi hii alilazimika kuchagua, na kuchagua ni kuhakiki. Mwalimu Nyerere alipoitafsiri tamthiliya ya Shakespeare na kuiita Mabepari wa Venisi, mfanyabiashara mmoja wa Shakespeare aligeuka kuwa mabepari: wingi, tena tabaka. Mwanafunzi wa fasihi halioni jina hilo kuwa kosa la umoja na wingi. Hulisoma kama msimamo wa mtafsiri. Roman Jakobson, katika makala yake ya 1959, alizigawa tafsiri katika mafungu matatu: ndani ya lugha moja, kati ya lugha na lugha, na kati ya mfumo mmoja wa ishara na mwingine, kama vile maneno kugeuzwa kuwa picha. Kama fungu la pili tunalipa heshima ya kulihakiki, kwa nini hili la tatu tulinyime?

Kutoka riwaya hadi sinema

Katika riwaya ya Boulle, mwanahabari Ulysse Mérou anafika katika sayari ambako binadamu ni wanyama wa kuwindwa na kufungiwa, na sokwe ndio wenye miji, magari na maabara. Sokwe hao wana lugha yao. Mérou anapaswa kujifunza lugha ya watawala ili athibitishe kwamba ana akili. Msomaji wa Afrika hahitaji kuambiwa mara mbili maana ya jambo hilo.

Sinema ya 1968, iliyoongozwa na Franklin J. Schaffner kutokana na mswada wa Rod Serling na Michael Wilson, ilibadilisha mengi. Mji wa kisasa ulikuwa ghali kuujenga, kwa hiyo sokwe wakapewa kijiji cha nyumba zinazofanana na mapango, farasi na bunduki. Nao wanazungumza Kiingereza toka mwanzo! Suala la lugha likafa. Badala yake tukapewa suala la sauti: Taylor, mwanaanga wa Marekani, anajeruhiwa kooni na kwa muda hawezi kusema, hivyo anahesabiwa kuwa mnyama kama wengine. Matabaka nayo yakachorwa waziwazi: orangutangu ndio wenye dini na sheria, gorila ndio wanajeshi, sokwe wenyewe ndio wasomi wanaotiliwa shaka. Mwisho wake unajulikana dunia nzima: sanamu ya Uhuru ya New York imezama mchangani, na kumbe sayari ile ni dunia yetu.

Zikafuata Beneath the Planet of the Apes (1970), Escape from the Planet of the Apes (1971), Conquest of the Planet of the Apes (1972) na Battle for the Planet of the Apes (1973). Hizi ndizo zilizowafikia wachoraji wa katuni. Hapa lazima tuwe makini: katuni ninazozizungumzia zilitokana na sinema, wala hazikumrudia Boulle. Lugha ya sokwe iliyopotea katika sinema haikurudi kwenye karatasi. Katika mlolongo wa utohoaji, aliye wa tatu hupokea alichoachiwa na wa pili.

Jinsi katuni zilivyotengenezwa

Kampuni ya Gold Key ilitangulia mwaka 1970 kwa toleo moja la Beneath the Planet of the Apes. Lakini kazi kubwa ilifanywa na Marvel. Kuanzia Agosti 1974 hadi Februari 1977 kampuni hiyo ilitoa jarida la Planet of the Apes, jumla ya matoleo 29, yakiwa na michoro ya rangi nyeusi na nyeupe. Ndani yake mlikuwa na sinema zote tano zilizotoholewa kwa mafungu, hadithi mpya kabisa, na makala kuhusu sinema zenyewe. Mwandishi mkuu alikuwa Doug Moench. Sinema ya kwanza ilichorwa na George Tuska, Mike Esposito akitia wino. Ya pili na ya nne zilichorwa na Alfredo Alcala, msanii wa Ufilipino.

Wengi hudhani kwamba mchoraji hukaa mbele ya sinema akanakili anachokiona. La hasha. Miaka ile ya sabini hakuna aliyeweza kusimamisha mkanda nyumbani kwake akachungulia pembe ya pango. Mwandishi wa katuni alifanya kazi akiwa na mswada mkononi, na mswada na sinema ni vitu viwili. Katika safari ya kutoka karatasini hadi kwenye pazia la ukumbi, matukio hukatwa, huhamishwa na hulainishwa. Mwandishi wa katuni huanza safari hiyohiyo kutoka kituo kilekile, ila anashika njia yake.

Uso usiokuwepo

Tuangalie tofauti ya kwanza ya fani. Katika sinema, Taylor ni Charlton Heston. Watazamaji wa 1968 hawakumwona mwanaanga tu. Walimwona mtu aliyekuwa Musa katika The Ten Commandments (1956) na shujaa wa Ben-Hur (1959). Kumvisha mtu huyo ukosi na kumkokota kwa kamba kama mbwa ni tendo lenye maana kubwa: jabali la sinema ya Marekani limeshushwa.

Marvel haikuwa na ruhusa ya kutumia sura ya Heston. Tuska ikabidi achore Taylor asiyefanana naye. Wapenzi wa sinema huliona hili kuwa upungufu, na kwa kipimo cha uaminifu ni kweli. Lakini maana nayo imebadilika. Taylor wa katuni hana Musa nyuma yake. Ni mwanamume yeyote mwenye mabega mapana. Anapofungwa kamba, anayeshushwa si mtu mashuhuri bali ni binadamu. Scott McCloud, katika kitabu chake Understanding Comics cha mwaka 1993, anaeleza kwamba kadiri uso wa katuni unavyopunguziwa alama za mtu maalumu, ndivyo wasomaji wengi wanavyoweza kuuvaa. Tuska hakuipanga athari hiyo. Alibanwa na mkataba. Ila mhakiki anasoma kilicho ukurasani, na ukurasani pana mtu asiye na jina kubwa.

Wino mmoja

Tofauti ya pili naiona kuwa nzito zaidi. John Chambers, aliyebuni sura za sokwe katika sinema ile, alipewa tuzo maalumu ya Oscar kwa kazi yake, na aliistahili. Hata hivyo mtazamaji anajua muda wote kwamba uso wa Taylor ni ngozi na uso wa Zira ni mpira uliobandikwa juu ya ngozi ya mwigizaji. Tunashangaa jinsi mpira unavyocheka na kusikitika. Mshangao huo wenyewe unawatenga: huyu ni mtu, yule ni mtu aliyevaa sokwe.

Sasa fungua ukurasa wa katuni. Taylor ni wino. Zira ni wino. Mstari uliochora nywele za mmoja ndio uliochora manyoya ya mwingine. Hakuna aliyevaa mwenzake. Sinema nzima inauliza kama mpaka kati ya binadamu na mnyama ni wa kweli au ni sheria ya mwenye bunduki, lakini macho yetu ukumbini yanaendelea kuuona mpaka huo kwenye mshono wa kinyago. Katuni inaufuta mpaka huo kwa nyenzo yake yenyewe, kabla hata ya maneno kusemwa. Ukitaka kuona jambo hili vizuri mtazame Alcala. Anajenga kila uso, wa mtu na wa sokwe, kwa vistari vyembamba vilivyosukwa kama ukili, mpaka kivuli cha shavu la gorila na kivuli cha shavu la mtu vinakuwa kitu kimoja.

Kuhusu sauti pia katuni ina mantiki yake. Sinema inaweza kutunyima sauti ya Taylor halafu ikatupasua masikio nayo. Ukurasa hauna sauti ya kuzuia. Una kiputo cha maneno tu, na bubu ni yule ambaye kiputo hakimtoki. Hivyo kimya kinaonekana kwa macho: nafasi nyeupe juu ya kichwa cha mtu, huku vichwa vya sokwe vikiwa vimejaa maandishi. Kwa mtu anayesoma masuala ya nani ana haki ya kusema na nani husemewa, hiyo ni sitiari iliyopatikana bure.

Makovu yaliyobaki

Sasa nifike kwenye mfano ambao kwangu ndio kiini cha makala haya. Conquest of the Planet of the Apes, iliyoandikwa na Paul Dehn na kuongozwa na J. Lee Thompson, inatokea mwaka wa kubuni wa 1991 katika Marekani ya Kaskazini. Mbwa na paka wamekufa kwa maradhi, watu wakafuga sokwe badala yao, kisha wakawageuza watumwa. Caesar, mtoto wa Zira na Cornelius, anawaongoza kuasi. Uasi huo ulichorwa kwa kumbukumbu ya ghasia za Watts, Los Angeles, za mwaka 1965. Naye MacDonald, ofisa mweusi wa serikali, amewekwa pale kama ukumbusho kwamba utumwa haukubuniwa na watunzi wa sinema.

Mswada ulianza usiku. Askari wa doria wanampiga risasi sokwe anayetoroka. Wanapoukagua mwili wake wanakuta umejaa makovu na michubuko ya kipigo. Tukio hilo limo katika riwaya iliyoandikwa na John Jakes kutokana na mswada huo. Limo pia katika katuni ya Marvel. Katika sinema halimo. Kilichobaki ni maneno mawili matatu ofisini: gavana Breck anamtaja sokwe aliyemshambulia bwana wake, na MacDonald anajibu kwamba lazima alikuwa ameteswa sana.

Linganisha basi. Katika sinema, mateso ya mtumwa huyo ni taarifa, tena inatolewa na watu waliovaa suti. Katika katuni ni mwili. Kipigo chenyewe hatukioni. Kimetokea kabla ya kisanduku cha kwanza, mahali ambapo hakuna aliyechora. Tunaona alama tu, na sisi ndio tunaolazimika kuzisoma na kukijenga kipigo akilini mwetu. Hivyo ndivyo katuni inavyofanya kazi siku zote: kati ya kisanduku na kisanduku pana ufa mweupe, na anayevuka ufa huo ni msomaji. Hapa ufa umekuwa maudhui. Historia ya mtumwa nayo imetufikia hivyohivyo: kipigo hakikuandikwa, kovu limebaki.

Na si mwanzo tu uliopungua. Sinema ilipoonyeshwa kwa majaribio mwaka 1972, watazamaji walishtushwa na ukatili wake. Mwisho ukalainishwa, Caesar akaongezewa maneno ya huruma, ili sinema ipate daraja la kutazamwa na familia. Mwisho wa awali ulirudishwa baadaye sana, katika toleo la Blu-ray la 2008. Jarida la Marvel, kwa upande wake, lilikuwa la ukubwa wa gazeti la wakubwa na halikuwa chini ya kanuni za udhibiti ambazo wachapishaji wa katuni walijiwekea mwaka 1954. Eti makombo! Miaka yote hiyo, aliyetaka kumwona yule sokwe wa usiku hakumpata katika sinema ya gharama. Alimpata katika jarida la karatasi hafifu.

Njaa ya kila wiki

Sipendi nionekane mpiga debe, kwa hiyo nitaje upande wa pili. Katuni hizi ni bidhaa. Zilitolewa kwa sababu sinema ziliuza. Moench, kwa mtindo wa Marvel wa miaka hiyo, anapenda maneno. Mara kwa mara maandishi yanaeleza kile ambacho picha imekwisha kukisema, na mtu unatamani kumwambia: ndugu, muache Alcala azungumze.

Kichekesho kikubwa kilitokea Uingereza. Huko Marvel ilitoa toleo la kila wiki kuanzia Oktoba 1974, wakati michoro ilikuwa ikitoka Marekani kwa mwendo wa jarida la kila mwezi. Wiki zikaimaliza miezi. Wahariri wakachukua hadithi nyingine ya Marvel kuhusu Killraven, mpigania uhuru katika dunia iliyotawaliwa na wavamizi kutoka Marsi, wakachora vichwa vya sokwe juu ya vichwa vya wavamizi, na shujaa wakamwita Apeslayer. Mambo yakaenda!

Tucheke, lakini tujiulize pia kwa nini yalikwenda. Hadithi ya Killraven ilitokana na The War of the Worlds ya H. G. Wells (1898), riwaya ambayo katika sura yake ya kwanza inakumbusha maangamizi ya wenyeji wa Tasmania mikononi mwa Wazungu. Kumbe chini ya sokwe na chini ya Mmarsi palikuwa na mtu mmoja: mtawala wa kigeni. Kinyago kilibadilika, muundo wa uonevu ukabaki. Hata kazi ya kulipualipua inaweza kumfunulia mhakiki mifupa ya hadithi.

Hitimisho

Tukitumia kipimo cha uaminifu peke yake, katuni hizi zimeshindwa: Taylor si yule, matukio yamezidi au yamepungua, maneno ni mengi. Lakini kipimo hicho kinadhani kwamba kuna asili moja iliyokaa mahali pamoja ikingoja kunakiliwa. Asili hiyo iko wapi? Kwa Boulle, ambaye sinema ilimwacha? Katika mswada, ambao sinema iliukata? Katika sinema, ambayo mwisho wake ulibadilishwa ili familia zisikimbie ukumbini? Mwaka 2018 kampuni ya BOOM! Studios ilitoa Planet of the Apes: Visionaries, katuni ya Dana Gould na mchoraji Chad Lewis iliyotokana na mswada wa awali wa Serling, ule wenye mji wa kisasa wa sokwe. Hiyo ni katuni ya sinema ambayo haikupata kutengenezwa. Ni makombo ya chakula gani?

Ninachopendekeza ni kidogo na kinatekelezeka. Tunapokutana na kazi iliyotoholewa, tusianze kwa kuuliza kama inafanana. Tuulize ilikuwa na nyenzo gani mkononi, ilinyimwa nini, na ilifanya nini na kile ilichonyimwa. Ilinyimwa uso, ikapata binadamu yeyote. Ilinyimwa sauti, ikachora kimya. Ilipewa mswada kabla ya mkasi kupita, ikabaki na makovu. Maswali hayo yanafaa kwa sokwe wa Marvel, na yatafaa kwa tamthiliya zetu zinazogeuzwa kuwa michezo ya redio na riwaya zetu zinazogeuzwa kuwa filamu. Mwenye hoja ya kinyume aandike. Kurasa za jarida hili ni zetu sote.